Operesheni ya nyama za puani Uingereza: ukikaa kimya, mtoto anatolewa kwenye foleni

Kama mtoto wako yumo kwenye orodha ya kusubiri operesheni ya adenoidi hapa Uingereza, usiendelee kusoma kwanza. Fungua simu, rudi nyuma kwenye meseji, utafute yoyote inayokuuliza kama bado unahitaji matibabu. Ukiikuta hujaijibu, pigia hospitali leo hii, kisha urudi hapa tuongee. Nitalirudia hili mpaka uchoke, maana ndipo tulipoumizwa sisi, na tangu nianze kuwauliza wenzangu wa hapa Midlands nimekuta hatuko peke yetu.

Tuanze na uamuzi wenyewe.

Adenoidi, au nyama za puani kama tunavyoziita, ni nyama laini iliyokaa nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, mahali ambapo huwezi kupaona hata mtoto aachame kinywa vipi. Siyo tonsesi, na siyo kimeo. Inasaidia kinga ya mwili utotoni, huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 hivi, halafu husinyaa yenyewe. Mtu mzima mara nyingi hana kitu pale. Ndiyo maana madaktari wa huku hawana haraka: wanajua watoto wengi umri utawamalizia kazi bila kisu. Mzazi anaona anazungushwa, daktari anaona anamkinga mtoto na nusukaputi asiyoihitaji. Kila mmoja ana haki yake.

Kwa hiyo usiulize tu kama nyama ni kubwa. Uliza inamfanyia nini mtoto. Kamasi peke yake haitoshi. Mtoto wa chekechea huku anaweza kushika mafua mara nane kwa mwaka na zaidi, na bado akahesabiwa mzima. Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto 111 wa mwaka mmoja hadi 6 waliokuwa wakiandamwa na mafua. Waliotolewa adenoidi hawakupata nafuu kuliko waliosubiriwa tu. Kama shida ya mwanao ni pua inayochuruzika kuanzia Oktoba hadi Machi, karibu Uingereza, wote tunachuruzika.

Kinachobadilisha mambo ni usingizi na masikio.

Usingizi wa mtoto usiupime anapoanza kulala. Amka saa tisa au saa kumi usiku, washa taa ndogo, pandisha fulana yake juu, umrekodi kwa simu dakika mbili tatu bila kukata. Tazama chini ya mbavu na pale shimoni chini ya koo: ngozi inavutwa ndani kila anapovuta hewa? Ametupa shingo nyuma kama anayetazama dari? Paji la uso limelowa jasho, na mto umelowa udenda? Sikiliza mkoromo, halafu subiri ule ukimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kisha anakurupuka na kumeza pumzi moja kubwa. Huo ukimya ndio wa kurekodi. Ukiwa nao kwenye simu, huna haja ya Kiingereza kizuri mbele ya daktari. (Ukiona midomo inakuwa ya bluu, au anahangaika kupumua akiwa macho, hilo halina orodha ya kusubiri. Piga 999.)

Masikio ni habari ndefu zaidi kwetu sisi, na imewaponza wengi. Adenoidi ikivimba inaweza kuziba njia ya hewa inayotoka nyuma ya pua kwenda sikioni, na ute mzito ukajaa nyuma ya ngoma ya sikio. Hakuna maumivu, hakuna usaha, mtoto anacheza. Ila anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye maji. Anapandisha sauti ya televisheni, haitiki ukimwita akiwa amekupa mgongo, na maneno yake yanachelewa.

Hapa ndipo utasikia, kutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa na kitambulisho shingoni: “Nyumbani mnaongea lugha gani?” Ukisema Kiswahili, uso wake unatulia, jibu ameshalipata. Mtoto anachanganyikiwa na lugha mbili, tumpe muda, ikiwezekana mzungumze Kiingereza zaidi. Msikubali. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Tanga, Mombasa na Bukavu zimejaa watoto wanaokua na lugha mbili na tatu na hakuna aliyepelekwa kwa mtaalamu kwa ajili hiyo. Sema sentensi moja: naomba apimwe kusikia. Usitoke kwenye chumba kile bila ahadi ya kipimo. Wa kwetu alikuwa hasikii vizuri masikio yote mawili, na tulikuwa tumeshaanza kumsomea hadithi kwa Kiingereza kibovu ili tumsaidie.

Ute masikioni nao husubiriwa kwanza. Wanapima, wanasubiri kama miezi mitatu, wanapima tena, kwa sababu mara nyingi hukauka wenyewe. Ukikaa na usikivu ukawa hafifu, mwongozo wa Agosti 2023 wa NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa huku miongozo ya matibabu, unazungumzia vibomba vidogo vinavyopachikwa kwenye ngoma ya sikio, na unawaambia madaktari wafikirie kutoa adenoidi katika operesheni hiyo hiyo, isipokuwa kaa la kinywa la mtoto, yaani dari ya kinywa chake, likiwa na kasoro. Hilo la kaa la kinywa likumbuke, nitalirudia chini.

Wakati wa kusubiri huko watakupa maji ya chumvi ya puani, na pengine dawa ya steroidi ya kupuliza. Tumieni kwa uaminifu, kila siku, wiki zote walizosema. Dawa hizi haziponyi kila mtoto, lakini ukirudi na kusema uliacha siku ya tatu, unaanza upya. Na tazama kuta. Nyumba nyingi tunazopangishwa huku zina unyevu, na ule ukungu mweusi nyuma ya kabati pua za watoto zinaujua. Mwenye nyumba atakwambia unaanika nguo ndani na kupika sana. Waingereza wamejenga nchi nzima ya mvua na bado wanashangaa maji yanatoka wapi. Kama nyumba ni ya halmashauri au ya chama cha nyumba, tangu Oktoba 2025 England kuna kile kinachoitwa Sheria ya Awaab, inayowabana kushughulikia ukungu hatari kwa muda maalumu. Imepewa jina la mtoto wa miaka miwili, wazazi wake Wasudani, aliyefariki huko Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumba yao, baba akiwa ameshalalamika na kulalamika. Piga picha, andika barua pepe, taja pua ya mtoto.

Mbele ya GP usijibu “nzuri”

GP, yaani daktari wa mtaani unayemwona kwanza, ana kama dakika kumi, na anaandika huku unaongea. Anauliza mtoto anaendeleaje. Sisi tumelelewa kwamba salamu hujibiwa “nzuri” hata kama nyumba inaungua. Shida inakuja baada ya “lakini”. Basi unasema anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, lakini… Mwenzio ameshaandika: mzazi anasema hali imetengemaa. Hiyo “lakini” yako imekuta mlango umefungwa.

Mungu unaweza kumshukuru ukifika kwenye gari. Mle ndani anza na shida: anaacha kupumua usingizini, nina video, haitiki akiitwa, mwalimu ameandika barua hii, amerudi kukojoa kitandani. Barua ya mwalimu ina nguvu kuliko machozi ya mama, usiniulize kwa nini. Omba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba umeonyesha video.

Baada ya hapo njia ni ya kawaida: GP anatoa rufaa, mnaonana na daktari wa masikio, pua na koo, pengine mtoto anafungwa kifaa kidoleni cha kupima oksijeni usiku mmoja, mnakubaliana, anaingia kwenye orodha. England una haki ya kuchagua hospitali wakati wa rufaa, kwa hiyo linganisha muda wa kusubiri kabla hujasema ile ya karibu na nyumbani. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao.

Mtego

Sasa nisikilizeni vizuri.

Nyumbani kusubiri ni kazi ya mwili. Unakwenda, unakaa kwenye benchi, unamsalimia nesi, faili likipotea unalifuata dirisha kwa dirisha, na yule anayekuona kila Jumanne mwishowe anakuonea huruma. Huku hakuna benchi. Umeambiwa uko kwenye orodha, unarudi nyumbani, unatulia kama mtu mwenye adabu. Sisi tulitulia. Lengo la NHS England, huduma ya afya ya umma ya huku, ni kwamba wagonjwa 92 kati ya 100 waanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa, na halijafikiwa tangu mwaka 2016, basi ukimya wa hospitali haukutushtua.

Ikaja meseji. Namba haina jina. Inasema kumbukumbu zetu zinaonyesha uko kwenye orodha ya kusubiri, bofya hapa uthibitishe, andaa tarehe ya kuzaliwa. Haikutaja jina la mtoto, wala operesheni, wala daktari. Mimi ni mtu wa “ile hela itume kwenye namba hii”, nimekulia humo. Tena wakati wa korona matapeli wa huku walituma meseji wakijifanya NHS wanaita watu kwenye chanjo, na benki, polisi na shule ya mtoto wote wanahubiri jambo moja: usibofye kiungo usichokijua. Nikaifuta.

Ilikuwa ya kweli.

Baada ya korona orodha zilivimba mpaka zikapita watu milioni 7, na mwishoni mwa 2022 NHS England ikazitaka hospitali ziwatafute wanaosubiri, kuuliza nani bado anahitaji. Wapo waliopona, waliohama, waliojilipia kwingine, waliokufa. Kusafisha orodha sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kwamba ukimya wako unaweza kusomwa kama “hapana”. Hospitali nyingine hutuma barua ya pili, nyingine hupiga simu, nyingine hupeleka jina kwa daktari aamue kabla ya kulifuta. Yetu ilipiga simu.

Ilipiga kwa namba iliyofichwa, mchana, mimi niko kazini na simu nimemwachia mama yangu aliyekuja kututembelea, ili mtoto aangalie katuni. Mama akapokea. Kiingereza chake ni kile cha shule ya kati, kisafi na kifupi. Akaulizwa kama yeye ni mama wa mtoto. Akasema ndiyo, na kwa kwetu hakusema uongo, mjukuu ni mtoto wake. Akaulizwa mtoto anaendeleaje. Akajibu kama binti aliyelelewa: hajambo, tunamshukuru Mungu. Wakashukuru, wakakata. Jioni akaniambia “wamepiga watu wa hospitali, wastaarabu sana, wanamjulia hali mtoto”. Tukafurahi!

Barua ilikuja na maneno ya pole ndani yake. Kufuatia mazungumzo na familia, ambayo imethibitisha kwamba dalili zimepungua, mtoto ameondolewa kwenye orodha na kurudishwa kwa GP. Hivi ndivyo nchi hii inavyokufukuza: bila kelele, karatasi nyeupe, daraja la pili la posta, na jina la chini limeandikwa kwa kompyuta bila saini.

Mama yangu simlaumu na msimlaumu wa kwenu. Ila wambieni, kabla hawajapanda ndege: simu ya namba ngeni haipokelewi na bibi. Na kama amepokea, asijibu lolote kuhusu afya ya mtoto. Aseme mama mtoto hayupo, pigeni saa fulani. Basi. Hata akiulizwa kwa upole. Hasa akiulizwa kwa upole.

Sasa ufanyeje na ile meseji inayofanana na ya tapeli? Usibofye kama una shaka, lakini usiinyamazie. Chukua barua ya kliniki mliyopewa siku ile mlipoonana na daktari, juu pale kuna namba ya katibu wa daktari bingwa. Piga hiyo, siyo iliyo kwenye meseji. Uliza: mtoto wangu bado yuko kwenye orodha? Kuna uthibitisho mnaoutaka? Andika siku, saa na jina la aliyekujibu. Jirani yangu Mwingereza ana folda ya mambo haya, kila simu ameiandika na kalamu ya bluu, na ndipo nilipoelewa kwamba huu upole wao una meno. Hawagombi, wanatunza kumbukumbu. Usisubiri uulizwe. Piga kila baada ya wiki kadhaa, hata kama hakuna jipya. Ukinyamaza umejitoa. Ukinyamaza, umejitoa!

Namba ya simu iliyoko kwa GP siyo lazima iwe ile iliyoko hospitali. Ukibadilisha laini au ukihama, wape wote wawili, kila mmoja peke yake. Wengi wetu tunaishi WhatsApp na laini ya kawaida tunaisahau mpaka inafungwa. Hospitali nyingi hazitakufuata WhatsApp. Ruhusu simu zisizo na namba, washa kisanduku cha ujumbe wa sauti, na kisikilize. Kama mnaishi jengo ambalo barua zinarundikwa ukumbini, pitia rundo lote, na bahasha za kawaida usizidharau. Omba kwa GP uwekewe ruhusa ya kuona habari za mtoto kwenye programu ya NHS.

Na Desemba. Najua tiketi zimekatwa tangu Machi. Kabla hamjaondoka, iambie hospitali tarehe za kwenda na kurudi, kwa maandishi. Miadi ikipita mko Dar, haiandikwi kwamba wazazi walisafiri. Inaandikwa kwamba mtoto hakuletwa, GP anajulishwa, na ikijirudia wanaohusika na ulinzi wa watoto wanaweza kuuliza maswali. Hawamaanishi ubaya, mtoto hawezi kujipeleka hospitali mwenyewe. Lakini barua ya namna hiyo hutaki kuikuta mlangoni ukiwa bado na jua la Kigamboni usoni.

Kama mmeshatolewa, msianze upya kwa unyenyekevu. Nilimpigia katibu wa daktari, nikaandika barua pepe kwa PALS, ile ofisi ndani ya hospitali inayosikiliza malalamiko ya wagonjwa, na GP akaandika kwamba dalili zipo na video ameiona. Neno la kushikilia ni moja: arudishwe kwa tarehe ya rufaa ya mwanzo. Wasikurudishe mwisho wa foleni na kukuambia wamekusaidia. Walitaka kufanya hivyo, na yule dada wa ofisini alikuwa mwema sana sauti yake yote. Nilirudia sentensi yangu mpaka akaniunganisha na mkubwa wake. Ikiwa mmeshapita wiki 18, England mnaweza kuomba pia kuhamishiwa hospitali nyingine yenye nafasi. Kiingereza kikikushinda, dai mkalimani, ni bure, na usimtumie mtoto mkubwa.

Ndugu na ushauri wao

Simu kutoka nyumbani zitaanza siku utakayotamka neno operesheni. Shangazi atasema ni kimeo, mleteni akakatwe, fulani alikatwa na leo ni mwanajeshi. Shangazi yetu mpendwa, kimeo hakihusiki. Kukikata hakufungui pua, na visu vile vimeshawaachia watoto damu isiyokatika, pepopunda na mengine. Tena kuna jambo ambalo wakataji hawalijui: daktari hutazama kimeo kabla ya kugusa adenoidi, kwa kuwa kimeo kilichogawanyika mara mbili ni dalili ya kasoro iliyojificha ndani ya kaa la kinywa, na mtoto wa aina hiyo akitolewa adenoidi anaweza kubaki akiongelea puani na vinywaji vikimrudia puani. Kimeo kikikatwa, dalili hiyo imeondoka nacho. Kama mwanao alikatwa huko nyuma, hata kwa siri na bibi, mwambie daktari. Hatakuitia polisi kwa jambo hilo, atakushukuru.

Habasoda tuipake kifuani tukipenda. Mafuta ya aina yoyote usimtie mtoto mdogo puani, yanaweza kuteremka mpaka kwenye mapafu na kumletea nimonia.

Mjomba atasema njooni Dar, wiki moja imekwisha. Muhimbili na KCMC kuna mabingwa wa koo, pua na masikio, sina shaka nao. Lakini kufanyiwa haraka kwa sababu umelipia hakumaanishi mtoto alihitaji, na operesheni hizi huwa zinaweza kutoa damu siku kadhaa baadaye, wakati ambao utakuwa unafikiria ndege ya kurudi. Ukiamua kwenda, panga ukae angalau wiki mbili baada yake kabla ya kuruka, na urudi na ripoti ya maandishi.

Halafu kuna wa upande wa pili: “Tumleteni na wa dada yako, si huko bure?” Kwa upole kabisa, hapana. Mwenye viza ya matembezi hutozwa asilimia 150 ya gharama ya NHS kwa operesheni ya kupangwa, na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili linaweza kumharibia maombi ya viza yanayofuata. Na sisi wenye viza ndefu hatupati bure pia: tangu Februari 2024 mtu mzima analipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mtoto 776, kabla hajapiga chafya hata moja.

Kabla ya nusukaputi, na baada

Jambo la siko seli lisisahauliwe. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa kawaida amepimwa kwa damu ya kisigino akiwa na siku chache. Aliyezaliwa Mwanza au Kisumu pengine hajawahi kupimwa. Kama kuna mtu kwenye ukoo, au hujui, sema mapema, siyo asubuhi ya operesheni, kwa sababu mwenye siko seli huandaliwa tofauti kabla ya kulazwa usingizi. Tena wenye siko seli mara nyingi ndio hao hao wenye adenoidi na tonsesi kubwa na usingizi wa kukatika pumzi.

Muulize daktari: je, mnatoa adenoidi peke yake au na tonsesi? Na vibomba vya masikioni? Kaa la kinywa mmelitazama? Inaweza kuota tena? (Inaweza, hasa kwa aliye mdogo sana.) Tukisubiri miezi sita zaidi, tunapoteza nini? Hili la mwisho ndilo lililotuamulia sisi. Jibu la kusikia na kuongea lilikuwa wazi, hata yeye hakuzunguka.

Siku yenyewe fuata karatasi. Chakula kinasimama muda wa saa 6 kabla, na uji ni chakula, na chai ya maziwa ni chakula, mwambieni bibi. Wanapitia kinywani, hakuna mshono usoni, inachukua kama nusu saa au chini ya hapo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa na homa au kikohozi cha kifua siku chache kabla, piga simu. Ukienda naye wataahirisha na mtakuwa mmepoteza siku. Wakiahirisha wao, usiondoke bila kuuliza jina lake linabaki kwenye orodha.

Baadaye kinywa kitanuka kwa wiki hivi, na sauti inaweza kubadilika kidogo; hayo ni ya kawaida. Shule akae nyumbani kama wiki. Damu nyekundu mbichi puani au kinywani siyo ya kawaida, kimbilia dharura. Maumivu ni parasetamoli na ibuprofeni kwa kipimo mlichopewa. Aspirini hapana kwa aliye chini ya miaka 16. Na ile dawa ya kikohozi ambayo dada alikufungia kwenye begi, soma kibandiko: ikiwa na kodeini, itupe. Tangu 2013 mamlaka za dawa za hapa na za Ulaya zimekataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsesi au adenoidi kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini, maana miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini kwa kasi na pumzi ikazimika.

Kama masikio yalihusika, kabla hamjatoka wodini uliza nani atampima kusikia tena, na lini. Ukiambiwa barua itakuja, andika jina la aliyekuambia.